Picha Ikitoka, Kazi Imeisha?

Fundi dishi akiwa juu ya bati pale Makambako, mwenye nyumba hubaki sebuleni akipiga kelele: "Bado... bado... hapohapo, imetoka!" Wengi huhesabu kazi imeisha. Mimi nina wasiwasi.

Setilaiti iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Dishi likikosea kidogo, picha bado itakuja, ila haina akiba. Siku ya jua huwezi kujua. Subiri mvua ya Machi kule Njombe, pamoja na upepo wake: mawimbi yanafifia, picha inaganda, na fundi keshafika Mafinga huko.

VETA hupima na kutoa cheti hata kwa aliyejifunzia ufundi mtaani. Naunga mkono kabisa. Asiyejua kwamba kuna nguvu ya mawimbi na kuna ubora wake atatafutaje vyote viwili? Lakini mtihani una msimamizi, bati halina. Tena aliyesoma ndiye anayejua vizuri zaidi mteja haoni nini. Kwa hiyo zile dakika 10 za kusogeza dishi taratibu na kukaza nati baada ya picha kutoka, kwangu ni deni, si hisani. Na bei yake aitaje kabla hajapanda ngazi.