Je, Mgeni Atunyang'anya Kazi?

Neno hili twalisikia sokoni na hata mlangoni pa kanisa: "Watu wamekuwa wengi, na wageni wamemaliza kazi yetu." (Asemaye hivyo, mara nyingi babaye mwenyewe alihamia kutoka kwingine.) Kwamba watu wamezidi ni kweli. Hesabu ya mwaka 1967 iliona watu milioni 12.3 katika Tanzania. Ile ya 2022 iliona milioni 61.7. Lakini je, kazi ni kama chungu cha uji, kwamba mmoja akichota mwingine hukosa?

Tutazame mji wa Miami huko Marekani. Mwaka 1980 watu kama 125,000 walivuka bahari kutoka Kuba kwa miezi michache, na karibu nusu yao wakakaa mjini humo, hata wafanyakazi wakaongezeka ghafula kwa sehemu 7 katika 100. Mtaalamu David Card alilipima jambo hili mwaka 1990, wala hakuona ya kuwa mishahara ya wenyeji ilishuka kwa ajili yao. Maana mgeni haji na mikono tu, huja na tumbo pia. Hununua mkate, hupanga chumba, naye mwenye duka huhitaji msaidizi. Lakini George Borjas alihesabu tena mwaka 2017, akiwatazama peke yao wanaume wasiomaliza shule, akasema mshahara wao ulishuka sehemu 10 hata 30 katika 100. Wataalamu wangali wakibishana. Nasi twaona walau hili, kwamba hesabu ya wote yaweza kumficha mnyonge.

Tena kwetu iko habari ya mkonge. Huko Tanga, zamani za Waingereza, wenyeji wengi walikuwa na vyakula vyao shambani, wala hawakukubali kukata mkonge kwa ujira mdogo. Matajiri wa mkonge wangaliweza kuuongeza. Badala yake waliandikisha watu wa mbali, wa Songea, Kigoma na Urundi. Na mwaka 1944 wakaunda SILABU, ofisi ya kuwatafuta. Kila mtu alipewa namba, ndipo wakaitwa manamba. Aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha aliweza kushtakiwa. Je, manamba ndiye aliyeushusha ujira? Hakuupanga yeye, wala hakuwa na ruhusa ya kuukataa.

Nasi tumtwaapo kijana wa mbali achunge ng'ombe wetu kwa nusu ya ujira, kisha tukamwambia kijana wa jirani kwamba wageni wamemaliza kazi, ni nani aliyeimaliza?