Starehe ya Mzee Msafiri

Tangu nistaafu, nauli yangu nyingi huishia katika kufuata pombe zisizosafiri. Mbege ya Uchagani hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Ikikaa siku chache huchachuka, haifai tena. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa kwenye mianzi michanga wakati wa mvua; ukiwa mpya ni mtamu, ukilala siku mbili ni mkali. Sina budi kuufuata kwa msimu wake, na kunywa pamoja na wenyeji.

Je, starehe hii yafaa? Rafiki yangu mmoja husema: fedha ya mgeni humnunulia mama muuza sare na madaftari ya watoto, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwingine hujibu: kilabu hichohicho kimewanyima watoto wa jirani madaftari. Wote wawili wasema kweli.

Mimi naona hivi. Mgeni huonja akaondoka, na pensheni yangu haingojewi na mtoto wa shule. Mwenyeji hubaki kilabuni. Basi kiasi changu hakiwezi kuwa kipimo chake, wala sina ruhusa ya kusifu kata nikainyamazia nyumba iliyolala njaa. Ninachodaiwa ni kulipa bila kupunja, kunywa kwa kiasi, na kutomwongezea aliyekwisha kutosheka, hata akinisifu kwa ukarimu. Kata ya bure ninayompa leo, shamba lake huilipia kesho.