Ncha ya Bawa na Ukuta Wenye Pigo

(Mambo ya Walawi 14, 33–53)

Liko fungu katika Mambo ya Walawi ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Ni sheria ya nyumba iliyopatwa na pigo katika kuta zake, kama ukoma upatavyo mwili. Waalimu wengine hudhani fungu hili halina chakula kwa usharika. Sisi twaona sivyo, na mwezi huu twataka kulisoma pamoja nanyi. Lakini kwanza twawaomba mtufuate kidogo mpaka karakana ya mafundi wa eropleni za zamani, maana kazi yao italifungua fungu hili kuliko maneno matupu.

Huko Marekani, katika mji wa Lock Haven, jimbo la Pennsylvania, toka mwaka 1938 hata 1947 kiwanda cha Piper kilifanyiza eropleni ndogo iitwayo J-3 Cub. Huchukua watu wawili tu, mmoja nyuma ya mwenzake. Mtambo wake ulio wa kawaida una nguvu za farasi 65, na toka ncha ya bawa moja hata ncha ya pili ni kadiri ya mita 10 na robo tatu. Zilifanyizwa karibu 20,000, na vijana wengi wa Marekani walijifunza kuruka kwa hizo kabla ya vita ya 1939 hata 1945, na wakati wa vita yenyewe. Nyingine zingali zinaruka hata leo, ingawa aliyeijenga kila moja amekwisha kuwa mzee au amelala kaburini.

Bawa la eropleni hii si bati tupu. Ndani yake mna boriti mbili ndefu, ya mbele na ya nyuma. Za kwanza zilikuwa za mti mwepesi uitwao sprusi, jamaa ya msonobari, na baadaye za alumini. Juu ya boriti zimepangwa mbavu. Na pale bawa linapokoma pana upinde wa mti mgumu uitwao eshi, uliopindwa ufuate mviringo wa ncha. Kisha hutandikwa nguo juu ya vyote, hukazwa kwa dawa mpaka ilie kama ngoma, na hupakwa rangi ya manjano. Mtu akisimama kiwanjani na kuitazama, haoni mti hata kidogo. Aona rangi.

Basi maji ndiyo adui. Unyevu huingia bawani, nao hushuka ukingo wa nyuma, ulio chini eropleni ikiwa imesimama. Waliounda bawa walijua jambo hili, wakatoboa vitundu vidogo vya kutolea maji. Lakini vitundu huzibwa kwa matope, au mtu apakaye rangi kwa haraka huvifunika asijue avifunikavyo. Maji hukaa. Vanishi hubanduka, gundi huachia, misumari hushika kutu, na mti huanza kuoza polepole, kama mwimo wa mlango ulioliwa na mchwa, ambao kwa nje ni mzima hata siku mtoto anapouegemea.

Zamani nguo ya mabawa ilikuwa ya pamba, na jua liliichosha upesi. Ilipobadilishwa, mafundi waliuona mti wa ndani. Siku hizi watumia nguo ya poliesta, nayo hudumu miaka mingi sana. Ni nguo bora, hatuilaumu. Lakini kwa sababu ni bora, mti ulio chini yake waweza kukaa miaka ishirini pasipo jicho la mtu kuuona. Hapa twawaomba waalimu wasimame kidogo, wafikiri habari za Wakristo wa siku nyingi.

Fundi mwema haliamini jicho lake. Huibonyeza ncha kwa kidole gumba, aone kama mti unabonyea. Huigonga pole pole na kusikiliza, kwa maana mti mzima hutoa sauti kavu, na mti uliooza hutoa sauti ya kufa. Hutia taa na kioo kidogo katika tundu la kuchungulia, hunusa, hutafuta weusi pande zote za misumari. Akishuku, huuchoma mti kwa ncha ya kisu; kisu kikiingia pasipo nguvu, mashaka yamekwisha.

Tena huuliza habari za zamani: Je, ncha hii iliwahi kupiga chini, au kugonga mlango wa banda? Si udadisi. Ncha ikipigwa, nguvu ya pigo husafiri ndani ya bawa, nayo yaweza kuipasua boriti ya mti mbali na pale palipogongwa, ufa mwembamba kama unywele, ukikata nyuzi za mti. Mtu aweza kutengeneza ncha ikapendeza, na boriti ndani imevunjika. Kwa ajili hiyo mwaka 2000 serikali ya Marekani iliwaagiza wenye eropleni za jamaa ya Champion, zilizo na boriti za mti, wazikague boriti hizo kila mwaka, na tena kila bawa lipatapo ajali.

Lakini ili kuutengeneza upinde sharti nguo ipasuliwe, na hapo ndipo moyo wa mwenye eropleni hujaribiwa. Ameilipia nguo ile fedha nyingi. Husema, Ncha ni kitu kidogo, mtambo ni mzima, tupake rangi tu. Fundi asiyemcha Mungu hupaka, hupokea fedha yake, na eropleni huuzwa kwa mtu mwingine, ambaye siku moja humpandisha mwanawe kiti cha mbele. Fundi wa kweli hukata mti uliooza, wala haachi kukata mpaka amefika penye mti mzima. Ikiwa palipoharibika ni padogo, huunga kipande kipya kwa mshazari mrefu, mara 10 au 12 ya unene wa mti, maana kiungo kifupi hakishiki. Ikiwa ni pakubwa, huondoa upinde wote na kutia mwingine. Akinunua ncha kuukuu iliyotoka katika eropleni iliyoanguka, huikagua kwa ukali ule ule. Kisha huandika katika daftari la eropleni kazi aliyoifanya, na siku, na kutia sahihi ya jina lake mwenyewe.

Sasa somo letu. Mwenye nyumba akiona madoa katika ukuta, hangoji kuhani aje kumfumania. Huenda mwenyewe na kusema, Naona kama pana pigo nyumbani mwangu. Kuhani huamuru vyombo vyote vitolewe kwanza kabla hajaingia, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Huu ni upole, na wazee wa kanisa wafanyao mashauri wajifunze: anayekagua hatafuti kuharibu mali ya mtu. Nyumba hufungwa siku saba. Pigo likienea, mawe yaliyopigwa hung'olewa na kutupwa nje ya mji, na mawe mengine hutiwa mahali pake. Hapana ruhusa ya kupaka chokaa juu.

Twawajua ndugu wawili, na kila usharika unao wa namna yao, walioacha kusalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wote wawili huimba, wote wawili huja mezani pa Bwana, na wazee husema, Tusiwaaibishe. Hiyo ni rangi ya manjano. Na watoto wao, ambao hawakugombana na mtu, ndio waliopandishwa kiti cha mbele. Dokta Martin Luther mwaka 1517, katika neno la kwanza la yale 95, alifundisha kwamba toba ni kazi ya maisha yote ya mwamini, si ya siku moja. Naye Daudi alipofumaniwa hakuomba moyo wake wa kale upambwe. Aliomba aumbiwe mwingine.

Na pigo lisipoonekana tena, kuhani hutwaa ndege wawili kwa kuitakasa nyumba ile. Mmoja huchinjwa juu ya maji ya uzima, na kwa damu yake nyumba hunyunyizwa mara saba. Nasi twajua damu iliyotangazwa kwa mfano huo ni ya nani. Ndege wa pili huchukuliwa nje ya mji, mahali palipo wazi, akaachwa aruke.