Mkate wa Tini wa Hezekia

Soma Isaya 38:1–6, 21. Ni kipi kilitangulia, ahadi ya Mungu au dawa?

Hezekia alikwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi. Neno lilikuwa limetoka kwa Bwana. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, wala hakuna aliyemwambia mfalme kwamba kuipokea dawa ile ni kuitilia shaka ahadi. Ni mstari mfupi, lakini una uzito katika nyumba ambayo mgonjwa wa presha ameombewa siku ya Sabato, na Jumapili asubuhi ameviacha vidonge vyake.

Presha ya kupanda haina kelele. Mtu huwa nayo miaka mingi, analima, anaimba kwaya, huku mishipa ya ubongo na ya moyo ikichakaa. Kwa hiyo kusema "sisikii kitu" si ushahidi wa uponyaji. Wale wenye ukoma 10 walitumwa kwenda kujionyesha kwa makuhani (Luka 17:14). Kadhalika, kama Bwana ameponya, kipimo cha zahanati kitaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dawa. Anayeziacha kimya kimya haamui juu yake peke yake. Akipooza, mkewe ndiye atakayemgeuza kitandani, na huenda binti yake akaacha shule ili amlishe. Mwili wenyewe, asema Paulo, si mali yake (1 Wakorintho 6:19, 20).

Katika njia panda ya Chalinze, pale barabara ya Morogoro inapoachana na ile ya Segera, visababishi viko wazi: chipsi na mishikaki yenye chumvi nyingi, sigara, dereva aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri. Muumini asijitoe haraka katika orodha hiyo. Aliyeacha nguruwe, pombe na tumbaku bado anaweza kuutia wali chumvi kabla hajauonja. Ellen White alipata njozi ya matengenezo ya afya huko Otsego, Michigan, Juni 1863. Agosti 1865 mumewe James, mwenye miaka 44, alipatwa na kiharusi baada ya kazi ya kupita kiasi. Aliujua ujumbe, lakini hakupumzika.

Swali gumu zaidi huja saa ya tukio lenyewe. Utafiti wa mwaka 2003 hadi 2006 ulikuta kwamba kila mwaka watu 316 hivi kati ya 100,000 hupata kiharusi Dar es Salaam, na 109 hivi wilayani Hai, baada ya kulinganisha umri. Utafiti mwingine katika sehemu hizo mbili ulionyesha kuwa Dar es Salaam wengi walikihesabu kuwa kazi ya majini au uchawi, na Hai wengi walitaja sababu za mwili. Mwadventista husikia habari za mganga na kutikisa kichwa. Lakini ikiwa mzee wa kanisa amepigiwa simu kabla ya mwenye gari, na mgonjwa amelala sebuleni muda wa saa 3 akisubiri mafuta ya Yakobo 5:14, kwa ubongo wake tofauti iko wapi? Kiharusi cha damu iliyoganda kina dawa ya kuyeyusha, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT. Muhimbili iko umbali wa kilomita zipatazo 100, na foleni ya Kimara haimjui mgonjwa. Maombi yanaweza kufanyika ndani ya gari.

Kwa hiyo darasa lijue dalili. Mwambie atabasamu: mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Arudie sentensi rahisi: ulimi ni mzito? Moja tu kati ya hayo, likija ghafla, latosha kuondoka kwenda Hospitali ya Msoga, hata kama limetoweka baada ya dakika 10. Kumbuka saa lilipoanza. Usimpe chakula wala maji, yasije yakampalia. Wala aspirini, kwa maana kiharusi kingine ni cha kuvuja damu. Shambulio la moyo hubana kifua kama mzigo, maumivu huenda mkononi, shingoni au tayani, na jasho baridi hutoka. Kwa wanawake na wenye kisukari huweza kuwa uchovu na kichefuchefu tu, na watu husema ni vidonda vya tumbo.

Wengine watamtaja Asa (2 Nyakati 16:12). Soma kwa makini: analaumiwa kwa kutomtafuta Bwana. Matabibu hawakuwa kosa lake. Kosa ni kwamba alibaki nao peke yao.

Kwa mjadala:

Kupima presha uwanjani mwa kanisa Sabato mchana ni kazi, au ni kama ng'ombe wa Luka 14:5?

Mtu wa darasa lenu akianguka usiku huu, mwenye gari atakayeitwa ni nani, na namba yake anayo nani?