Anayeambiwa Asubiri

Bajeti za halmashauri zetu huandaliwa mvua zikiwa zimekolea. Kati ya Desemba na Machi uwanda wa juu wa Ufipa umelowa, watu wako shambani tangu alfajiri wakipalilia mahindi na maharage, na mkutano wa mtaa ukiitishwa hauhudhuriwi na wengi. Ndipo linapoulizwa swali zito kuliko yote: mwaka ujao wa fedha tutangulize nini? Walioweza kufika hutaja zahanati, kivuko, maji, madarasa, matundu ya vyoo. Mtendaji anaandika. Orodha inapanda kwenye kata, inafika Manispaa ya Sumbawanga, inakutana na ukomo wa bajeti, na sehemu kubwa ya yaliyotajwa inaachwa. Aliyeyataja hujua yameachwa pale tu anapoona kiangazi kimeingia, tarehe 1 Julai imepita, na hakuna aliyekuja hata kupima kiwanja.

Huyo ndiye ninayetaka tumtafakari. Kupanga vipaumbele, tukiuvua msemo huo joho lake la kiofisi, ni kumwambia mtu asubiri. Ukiamua zahanati ya kata hii iezekwe mwaka huu, umeamua papo hapo kwamba mjamzito wa kata ya jirani aendelee kupakiwa kwenye bodaboda, usiku na baridi ya Juni, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi kabisa. Fedha hazitoshi, na watu wanaongezeka upesi: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika mkoa wa Rukwa, na ya mwaka 2022 ikahesabu 1,540,519. Hakuna baraza la madiwani, hata lingekuwa la malaika, litakalowapa wote kwa mara moja. Ninachouliza ni heshima gani anapewa yule aliyewekwa nyuma.

Jambo hili tunaliona kwa macho katika maboma. Utaratibu wake unajulikana na kila mtu. Wananchi wanafyatua matofali na kuyachoma, wanasomba mawe na mchanga, wanachangishana, wanapandisha kuta hadi lenta. Halmashauri inamalizia kwa kuezeka, kupiga lipu, kuweka milango na madirisha. Ni makubaliano mazuri, na mahali yalipotimizwa kuna watoto wanaosoma darasani na akina mama wanaojifungulia karibu na nyumbani. Lakini yapo maboma yaliyofika lenta yakaachwa hapo. Mvua za Novemba hadi Aprili zinapiga kuta zisizo na paa, majani yanaota ndani, na waliojenga wanapita pembeni kila siku wakienda sokoni au shambani. Aliyetoa mchango wa fedha huenda ana stakabadhi. Mama aliyebeba ndoo za maji ya kufyatulia matofali hana karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote, na hata hivyo anadai. Anadai jasho lake, na anadai maelezo.

Mwaka unaofuata anaitwa tena kwenye msaragambo wa kujenga choo cha shule. Haendi. Kisha ofisini inaandikwa kwamba wananchi wa eneo hilo hawana mwamko. Sentensi hiyo inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu imemgeuza mdai kuwa mkosaji. Mwamko alikuwa nao, na ushahidi wake umesimama pale wazi, kuta nne zinazonyeshewa.

Taarifa za utekelezaji husomwa kila robo mwaka, na mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa mwananchi anayetaka kusikiliza. Ndani yake utasikia miradi iliyokamilika, fedha zilizopokelewa, na ile iliyofikia asilimia kadhaa. Hayo ni ya lazima na mengine ni ya kupongezwa. Ila taarifa ya namna hiyo inazungumza na aliyepata. Aliyeambiwa asubiri hamo ndani yake, au yumo kwa kifungu kimoja tu: mchakato unaendelea. Hajui kama aliachwa kwa sababu fedha zilikuwa haba, au kwa sababu kata nyingine ilikuwa na shida kubwa zaidi, au kwa sababu hakuna aliyemsemea. Sababu hizo tatu zina uzito tofauti kabisa moyoni mwa mtu. Ya kwanza na ya pili anaweza kuzikubali. Ya tatu ana haki ya kuikataa, lakini ataikataaje asiyoambiwa?

Kuna ugumu mwingine ambao haki inatudai tuutaje. Diwani anapobanwa kuhusu barabara ya mtaa wake, barabara hiyo iko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Akibanwa kuhusu maji ya kijiji, anayehusika ni RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019. Mambo mawili yanayotajwa mara nyingi kabisa mikutanoni yamekabidhiwa kwa vyombo vingine, na mkazi hana wajibu wa kuijua michoro ya TAMISEMI. Diwani mwadilifu husema hivyo waziwazi, kisha anakuja na meneja anayehusika kwenye mkutano ujao. Kusema tu kwamba hilo si letu, na kuketi, ni kumwacha mtu njia panda.

Huko nyuma nchi hii imewahi kuona mfano mkubwa wa taarifa ya ukweli. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na shughuli zake zikaingia mikononi mwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Miji ilidhoofika hata mabaraza yake yakarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikaurudisha mfumo mzima. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyarudia: kuvunja serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika. Hakusubiri astaafu, wala hakutafuta mtu wa kumtupia lawama. Na heshima yake haikupungua hata kidogo. Mtendaji wa kata anayeogopa kusema kwamba robo hii tumeshindwa kuezeka na tafadhali tuwieni radhi, angekumbuka hilo.

Watu wa Ufipa si watu wa pupa. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na lami ya kutoka Tunduma ilikuja baada ya miongo mingi ya vumbi na matope. Kilimo chao cha asili nacho ni cha kusubiri. Katika uwanda usio na miti mingi, mvua zinapoelekea mwisho, mkulima hukatua nyasi pamoja na udongo na kuzifunika ndani ya ntumba, tuta la mviringo, ziozee humo. Msimu unaofuata hulibomoa, akaisambaza mbolea ile na kupanda ulezi. Anasubiri bila kinyongo kwa sababu anajua kilichofukiwa, anajua nani alilipiga tuta, na anajua litabomolewa msimu gani. Mpango wa halmashauri unaweza kumpa mkazi mambo hayohayo matatu.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Madiwani wa sasa wamepatikana katika uchaguzi wa Oktoba 2025, na wana miaka mitano mbele yao. Ningependa kila taarifa ya Manispaa ianze na ukurasa wa yaliyoachwa: mradi gani, wa kata gani, uliachwa kwa sababu gani, na zamu yake ni mwaka gani. Ibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, Kiswahili chepesi, herufi kubwa. Na mkutano wa kuisoma ufanyike Agosti, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani na tanuri za matofali hazijawashwa, ili mwananchi ajue yaliyofuata mchango wake wa mwaka jana kabla hajaombwa mwingine.