Vazi Nalo Hushuhudia

Ndugu msomaji, je, mtu aweza kusema uongo bila ya kufungua kinywa? Suala hili limenijia hapa Ogembo, katika vilima vya Kisii, ambako mtu wa pwani akipanda njia ya kwenda msikitini hutweta kabla hajamaliza kutoa salamu.

Kijana mmoja asomaye kwangu alinunua sokoni koti la mitumba. Mgongoni limechorwa mlima Kilimanjaro, na chini yake pameandikwa kwamba mwenye kulivaa amefika kileleni. Kijana huyu hajapata kuuona mlima huo hata kwa mbali. Watu wakaanza kumwuliza habari za theluji, naye akatabasamu tu. Nilipomkanya alinijibu kwa adabu: "Maalim, mimi sikusema neno. Koti ndilo lililosema."

Kilele cha Kilimanjaro kina urefu wa mita 5,895. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia mwaka 1889, na hata leo mwenye kufika hupewa cheti na hifadhi kwa ushahidi wa kiongozi aliyepanda naye. Ama koti halitaki shahidi. Lataka bei tu.

Sisemi kwamba kupanda mlima ni kiburi. Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya, Desemba 1963, hakupanda kwa ajili ya nafsi yake peke yake. Lakini hata aliyepanda kweli yampasa ajiulize ni nani aliyembebea mzigo. Twakumbuka kwamba Mackinder alifika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899. Miongoni mwa wapagazi wa safari ile walikuwamo Waswahili wa pwani yetu. Ni nani kati yetu awezaye kuwataja kwa majina? Na hapa Ogembo kila asubuhi wanawake hupanda vilima na vikapu vya majani chai migongoni, wala hakuna awashoneaye koti la sifa. Katika Suratul Israa tumekatazwa kutembea kwa maringo, tukakumbushwa kwamba hatutaifikia milima kwa urefu.

Basi hukumu ni ipi? Koti lenyewe ni halali, na mwenye kujikinga nalo na baridi hana lawama. Lawama huanza pale asifiwapo kwa asilolitenda, naye akaipokea sifa ile kwa kunyamaza. Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kujipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo za uongo. Kunyamaza mahali pa kukanusha ni kukiri.

Nilipomweleza kijana hayo alitulia kidogo, kisha akauliza, wala hakukusudia kunitahayarisha: "Na wewe Maalim, ulihiji mwaka gani?"

Nilinyamaza. Kofia niivaayo aliniletea rafiki kutoka Makka. Watu wa hapa walipoiona wakaanza kuniita Haji, nami nikawa naitika. Sijapata kwenda Makka. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimehiji; kofia ndiyo iliyosema. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisimama nikawaeleza watu ukweli. Wapo walioguna, na mzee mmoja aliinama asinitazame. Wengine huniita Haji hata leo kwa mazoea. Huwasahihisha, na kila mara naona uzito moyoni, kwani jina lile lilikuwa tamu.

Kijana hakulitupa koti lake, maana baridi ya hapa si ya mchezo. Akiulizwa husema, "Nimelinunua sokoni."

Basi ewe ndugu yangu, kabla hujatoka nyumbani tazama ulichovaa: kanzu, kofia, cheo au jina. Kikisema juu yako usilolitenda, kivae ukitaka, lakini ukikanushe kwa ulimi wako. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.