Maji ya Kambini na Kipimo Chake



Tumeletewa swali na vijana wavuvi ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini mtu akilitazama vizuri huona limebeba jambo kubwa. Wao wako dago, kwenye kisiwa kisichokuwa na kisima cha maji matamu, na maji yao huletwa kwa chombo katika madumu. Mmoja wao amepelekewa zawadi na jamaa yake aliyeko Maskati: shawa ya kubebea, yenye pampu ndogo ya betri. Baadhi yao wameifurahia. Wengine wameikataa, wakisema kuwa hiyo ni anasa, na kwamba baba zetu walioga kwa kata na wala hawakupungukiwa na kitu. Wanaoitaka nao hujibu kuwa maji ni yale yale, na kuwa kitu kinachorahisisha kazi si haramu. Sasa wametaka tuwaamulie.

Sisi twasema kuwa kila kundi limeshika upande mmoja wa haki na likauacha upande wa pili. Na tutalieleza jambo hili taratibu, kwani watu wa dago si peke yao. Wako wakulima wa mashamba ya mbali, wako wachungaji, wako wanafunzi wanaopiga kambi, na wako hata watu wa miji ya Ulaya na Marekani wanaotoka kwa hiari yao wakaishi porini ndani ya mahema na magari. Hao wa mwisho ndio hasa waliotengenezewa chombo hiki. Lakini chombo hakina kabila. Swali lake humfuata kila anayekishika.

CHOMBO CHENYEWE

Kwa asiyekiona, ni pampu ndogo inayoenea kiganjani. Huzamishwa ndani ya ndoo ya maji, nayo ikawashwa ikayasukuma maji kupitia mpira wenye urefu wa kiasi cha mita mbili, mpaka kwenye kichwa chenye matundu madogo madogo. Kichwa hicho hutundikwa mtini au kwenye nguzo ya banda. Betri yake hutiwa moto kwa waya kama ule wa simu, hata kwa kibao cha jua. Ziko nyingine zisizotumia betri kabisa, ambazo mtu hujaza upepo kwa mguu au kwa mkono.

Nyingi katika hizi za betri hutoa kiasi cha lita 2 mpaka lita 3 na nusu kwa dakika. Maana yake ni kwamba ndoo ya lita 20 humalizika kati ya dakika 6 na dakika 10. Mfereji wa nyumba za mjini hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Marekani, kwa mfano, ilibidi sheria ya mwaka 1992 iweke kikomo kwamba shawa isipitishe zaidi ya galoni 2.5 kwa dakika, nazo ni karibu lita 9 na nusu. Basi ukiipima shawa hii ya kambini kwa mfereji wa mjini, utaiita ya kubana matumizi. Lakini ukiipima kwa kata ya mvuvi, hukumu yaweza kugeuka.

KATA NA KITUFE

Hebu tumtazame mtu anayeoga kwa kata. Kila kata anayoiteka ni kazi ya mkono wake. Anainama, anateka, anainua, anajimiminia. Akitaka kufuja maji, hana budi kuinama mara nyingi zaidi. Kwa hivyo uvivu wenyewe humsaidia kuwa na kiasi. Na tena kila anapoinama huiona ndoo, huona maji yalipofika.

Ama mwenye pampu, hali yake imepinduka. Amebonyeza kitufe mara moja, na maji yanashuka yenyewe. Ili afuje hahitaji kufanya neno lolote. Asimame tu, afumbe macho kwa sabuni, na ndoo iko nyuma ya mgongo wake inapungua. Ili abane ndipo anapohitaji kufanya kazi: apapase kitufe, azime, ajipake sabuni, kisha awashe tena. Kwenye kata, kufuja ndiko kunakochosha. Kwenye pampu, kinachochosha ni kubana.

Hapo ndipo penye kiini cha mas-ala haya, wala si katika kuuliza kama chombo ni kipya au cha kale. Kazi ambayo zamani ilifanywa na mkono na mgongo, sasa imehamia moyoni. Zamani mtu alizuiwa na uchovu. Leo hana wa kumzuia ila nafsi yake. Na kila chombo kinachomwondolea mwanadamu taabu humwachia amana badala yake. Anayeipokea raha na asiipokee amana, huyo amechukua nusu ya zawadi.

JE, ALIYEKOSA NI MWENYE KIASI?

Wanaosema kuwa baba zetu walioga kwa kata wamesema kweli, lakini na wajiulize: je, kuoga kwa maji machache kwa sababu hakuna mengine, huko ndiko kuwa na kiasi? Mtu aliyeshinda na njaa kwa kukosa chakula hatumwiti amefunga. Saumu ni ya yule ambaye chakula kiko mbele yake na akajizuia kwa niya. Vivyo hivyo, kiasi cha maji hakijulikani kwenye dumu la mwisho. Hujulikana pale maji yanapokuwa tele.

Wanavyuoni wetu waliliona hilo zamani. Imam Nawawi ameeleza kuwa wanavyuoni wamekubaliana juu ya kukatazwa israfu ya maji, hata kama mtu yuko ufukweni mwa bahari. Angalia mfano huo, ndugu msomaji! Bahari haipungui kwa mtu mmoja kutawadha. Basi kama makatazo yangekuwa kwa ajili ya maji kwisha tu, mtu wa ufukweni asingekatazwa. Amekatazwa kwa sababu kinachoharibika pale si bahari, bali ni mtu mwenyewe, anayezoea kuichukua neema bila ya kipimo.

Na Bwana Mtume (S.A.W.) amepokewa kuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni karibu kibaba cha maji, na akioga kwa pishi moja, yaani mida minne, mpaka mida mitano. Pishi hiyo ni kiasi cha lita 3, na kwa makisio ya wengine hupungua hapo. Sayyidna Jabir bin Abdillahi (R.A.) alipoulizwa juu ya josho, alijibu kuwa pishi moja yatosha. Mtu mmoja pale akasema kuwa yeye hazimtoshi. Jabir akamrudi kwa kumkumbusha kuwa ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye, tena aliyekuwa mbora kuliko yeye.

Hatusemi kuwa kuzidisha pishi ni haramu. Wanavyuoni hawakusema hivyo, na miili na hali za watu hazifanani. Mvuvi aliyetoka kuvuta jarife, mwili umeganda chumvi na magamba, hana budi kuhitaji zaidi. Lakini twasema kuwa mtu na ajue kwamba anazidisha, na ajue kwa nini.

MAJI NI YA NANI?

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi, ambalo vijana wetu hawakuliuliza, na ndilo lililostahili kuulizwa mwanzo. Maji ya dago ni ya nani?

Lita 1 ya maji ni kilo 1. Dumu la lita 20 ni kilo 20, bila ya kulihesabu dumu lenyewe. Dumu hilo limepakiwa chomboni, limeshushwa majini, limebebwa begani mpaka bandani. Na mara nyingi mbebaji ni kijana mdogo kuliko wote, au mpishi, ambaye hana sauti ya kumwambia nahodha kuwa ameoga sana. Tuchukue mfano. Watu 12 wako dago, na kila mmoja ameiacha pampu ya lita 3 kwa dakika ikienda kwa dakika 6. Hizo ni lita 18 kwa mtu na lita 216 kwa wote, nazo ni karibu madumu 11 kwa josho moja. Lakini wakiwasha dakika moja kujilowesha, wakazima, wakajisugua, kisha wakawasha dakika moja kujisuuza, ni lita 6 kwa mtu na lita 72 kwa wote, yaani hayafiki madumu 4. Tofauti hiyo ya madumu saba imebebwa na bega la mtu.

Hapo hukumu hubadilika. Mtu kufuja maji yake mwenyewe, wengi katika wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamesema ni makuruhu. Ama maji yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya watu, kuyafuja ni haramu, kwa sababu ndani yake mna haki ya wengine. Basi maji ya shirika, yaliyonunuliwa kwa fedha ya wote na kubebwa na wachache, mtu atayafujaje akasema kuwa anaoga tu? Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, mlango wa toba uko karibu. Ama haki ya mwenzio itakudai mpaka umridhishe.

Na maji yakipungua hata yakawa ni ya kunywa tu, hapana tena mjadala wa kata na pampu. Sharia imekwisha kata neno: mwenye maji yanayohitajiwa kwa kiu, iwe kiu yake, ya mwenziwe, au hata ya mnyama asiyehalalika kuachwa afe, huyaacha maji yakanywewa naye akatayamamu. Tazama rehema ya dini hii: sala, nayo ni nguzo, imeyapisha maji kwa ajili ya koo la mnyama. Yuko wapi basi anayeona uzito kuyapisha kwa ajili ya koo la mwenziwe?

MAMBO YA TOHARA

Wametuuliza pia kama josho la janaba kwa chombo hiki linasihi. Linasihi, bila shaka, mradi maji yawe safi, mtu anuwie, na maji yaenee mwili wote. Tena kina faida moja. Ndoo ya lita 20 ni maji machache, yasiyofika kullatein, ambayo wengi hukisia kuwa karibu lita 200. Katika madhehebu yetu, mwenye janaba akiuingiza mkono katika maji machache baada ya kunuwia, bila ya kukusudia kuteka tu, maji huwa mustaamali. Mwenye pampu ameepukana na shaka hiyo, kwani mkono wake haugusi ndoo.

Lakini na ajihadhari na jambo moja. Wako wapiga kambi wanaosimama ndani ya beseni na pampu imo humo humo, ili maji yaliyokwisha kuwapitia yapande tena na kushuka upya. Kwa kujiburudisha na joto hapana neno. Kwa josho la faradhi haifai, kwa kuwa hayo ni maji yaliyokwisha tumika. Vile vile pampu isizamishwe ndani ya kisima na mtu akaoga ukingoni, povu likarejea humo. Aoge mbali, na maji yake yamwagikie pasipokuwa njia ya watu wala kivuli wanachokaa. Na asiisahau stara. Kuwa porini au kisiwani si kuwa pasipo haya. Makuti manne au pazia la kanga latosha.

MANENO YA MWISHO KWA VIJANA

Kwa hivyo twawaambia wale walioikataa: msiharamishe alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Raha si dhambi. Mgonjwa asiyeweza kuinama, mzee mwenye mgongo, na mtu aliyejeruhiwa mkono na uzi wa mshipi, hawa wote chombo hiki ni msaada kwao, na atakayewaogesha atapata wepesi na wao watapata heshima.

Na twawaambia wale walioifurahia: fanyeni mambo matatu. Kwanza, kila mtu apimiwe sehemu yake katika ndoo kabla ya kuwasha, wala asizamishe pampu katika pipa la wote. Anayeoga kwa fungu lake hujua anapomaliza. Pili, ndoo iwekwe mbele ya macho, si nyuma ya mgongo. Na pampu izimwe wakati wa kupaka sabuni. Tena huko ndiko kuitunza, kwani pampu ikienda bila ya maji huharibika upesi. Tatu, anayebeba maji awe wa kwanza kuoga, asiwe wa mwisho kukombeleza. Na nahodha aoge kwa kiasi kile kile cha mpishi, watu wakiona.

Kisha siku mtakaporejea makwenu, mkasimama chini ya mfereji usiokuwa na ndoo wala mwisho unaoonekana, hapo ndipo mtajua kama dago limewafundisha kitu. Kama mkono utaufunga mfereji wakati wa kupaka sabuni, hali hapana wa kuwaona wala wa kubeba dumu, basi mmepata. Na kama mtauacha wazi, basi kule kisiwani mlikuwa mmekosa maji tu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru neema kabla ya kuondokewa nayo, na atulinde na haki za waja wake. Amin.

Wabillahi ttawfiq.